Kulala hosteli peke yangu mjini Berlin: je, ni salama kwa mwanamke?

Swali: Mimi ni muuguzi, ninaishi Tanga, nina umri wa miaka 29. Mwezi Novemba nitahudhuria mafunzo ya wiki moja mjini Berlin kwa gharama za waandaaji, nami nimeomba likizo ya siku sita ili nibaki kuutazama mji. Hoteli siziwezi. Rafiki yangu amenishauri nilale hosteli, lakini mama hataki kabisa kusikia habari ya kulala chumba kimoja na watu nisiowajua, tena ugenini, tena peke yangu. Je, ana haki ya kuogopa? Na nikienda, nijilinde vipi?

Jibu: Dada yangu, kwanza nifikishie shikamoo kwa mama, na umwambie kwamba hofu yake ina msingi, ingawa naona ameielekeza pasipo penyewe. Nimefanya kazi ya mapokezi katika hosteli za Berlin kwa miaka mingi, na wageni waliokuja mezani kwangu wakiwa na shida ya kweli ni wachache sana kati yao walioletewa shida hiyo na mtu waliyelala naye chumba kimoja. Wengi walikuwa wamefika usiku wa manane wamechoka, simu imezima, anwani ya walikokuwa wakienda imo ndani ya simu hiyohiyo. Au walikuwa wameweka pasi, kadi na fedha zote katika mkoba mmoja, na mkoba umechukuliwa ndani ya treni mchana kweupe. Mtu aliye peke yake katika mji wa kigeni analindwa zaidi na kujulikana kuliko na mlango. Anahitaji kuwapo mtu atakayeona kwamba leo hajarudi, mtu wa kumuuliza kama mtaa fulani unapitika usiku, mtu wa kumwamsha akiumwa. Hosteli nzuri inampa hayo yote kwa bei ya kitanda, ilhali chumba cha bei poa kilichopangishwa na mtu binafsi kwenye ghorofa ya nne, ambacho ufunguo wake unauchukua kwenye kisanduku bila kuonana na mtu yeyote, hakimpi hata moja. Ndiyo maana kwa safari kama yako mimi nashauri hosteli, na ushauri wote unaofuata unahusu namna ya kuichagua na kukaa ndani yake ili ujulikane.

Huenda mama akatulia kidogo akijua kwamba jambo hili halikuanzishwa kwa ajili ya vijana wa starehe. Lilianzishwa na mwalimu wa shule ya msingi wa Kijerumani, Richard Schirrmann, ambaye mwaka 1909 alikuwa matembezini na wanafunzi wake, mvua kubwa ikawakuta, wakalala ndani ya jengo la shule kijijini. Kutokana na usiku ule akapata wazo la kuwa na malazi nafuu ya wanafunzi nchi nzima, na mwaka 1912 ngome ya Altena ikawa na hosteli ya kudumu ambayo ipo mpaka leo. Hosteli za chama kilichotokana na kazi yake zipo Berlin pia, zinadai uanachama wa ada ndogo, na asubuhi wakati wa kifungua kinywa utakuta madarasa mazima ya watoto na walimu wao. Zipo pia hosteli za watu binafsi, nyingine tulivu na nyingine ambazo baa ndiyo biashara yake hasa. Tofauti kati ya aina hizo ni kubwa kuliko tofauti kati ya hosteli na hoteli, kwa hiyo usikubali mtu akuambie kwamba hosteli zote ni sawa.

Kabla ya kitanda kuna karatasi, na hapa ndipo naona hatari iliyo karibu nawe zaidi. Viza ya Schengen, yaani ile ya muda mfupi ya kuingia Ujerumani na nchi nyingine nyingi za Ulaya, hutolewa kwa siku ambazo umezithibitisha kwa nyaraka. Ukipeleka barua ya mwaliko ya wiki moja peke yake, usitarajie kwamba siku sita za likizo zitaongezwa kwa huruma. Zitaje siku zote tangu mwanzo: barua ya waandaaji kwa wiki ya mafunzo, barua ya likizo kutoka kwa mwajiri, uthibitisho wa nafasi ya hosteli kwa kila usiku wa siku sita, taarifa ya benki inayoonyesha kwamba utajimudu, tiketi ya kurudi, na bima ya matibabu ya safari isiyopungua euro 30,000 inayofika mpaka siku ya kuondoka. Hili la bima huwaponyoka wengi, kwa kuwa bima inayolipwa na waandaaji aghalabu huishia siku mafunzo yanapoisha. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla yake, na ada ni euro 90. Wewe usingoje kupita Septemba. Ukishapata viza, soma stika yake kwa utulivu. Ina tarehe za uhalali na ina pia idadi ya siku unazoruhusiwa kukaa, na kinachokubana ni kile kinachokwisha mapema. Kwa sababu hujui kama viza itatoka, weka nafasi inayoweza kufutwa bila gharama, hata kama ni ghali kidogo kuliko ile isiyorudishwa fedha.

Sasa uchaguzi wenyewe. Novemba si msimu wa wageni wengi, hivyo kitanda katika chumba cha pamoja mara nyingi hupatikana kwa kati ya euro 20 na 40 kwa usiku, bei ikipanda Ijumaa na Jumamosi. Juu yake kuna kodi ya jiji, ambayo tangu Januari 2025 ni asilimia 7.5 ya gharama ya malazi, na baadhi ya hosteli huidai ukifika, kwa hiyo usishangae. Uliza kwanza kama mapokezi yana mtu saa zote 24; hosteli isiyo na mtu usiku iondoe kwenye orodha yako hata kama picha zake zinavutia. Kisha tazama umbali kutoka kituo cha treni, ukitaka usiozidi mwendo wa dakika kumi kwa miguu kwenye barabara yenye taa na maduka. Maoni ya wageni yasome ya miezi mitatu ya karibuni tu, kwa sababu hosteli hubadilika upesi ikibadilisha meneja, na humo tafuta maoni ya wanawake waliosafiri peke yao, ukizingatia wanasema nini kuhusu wizi, kunguni, kelele na jinsi walivyosikilizwa walipolalamika. Hilo la mwisho lina uzito kuliko yote. Kila nyumba ya kulala wageni hupata tatizo siku moja, na unachotaka kujua ni wahudumu walifanya nini lilipotokea.

Omba chumba cha wanawake watupu. Vipo katika hosteli nyingi, tofauti ya bei ni ndogo, na hilo peke yake litamrudishia mama nusu ya usingizi anaoukosa. Kuhusu ukubwa, wengi hukimbilia chumba cha vitanda vinne wakidhani uchache wa watu ni usalama. Mimi napendelea vitanda sita. Katika chumba cha wanne, mmoja akiwa mkorofi na wawili wakiondoka asubuhi, umebaki naye. Katika chumba cha sita daima yupo wa tatu. Kuanzia vitanda kumi, watu huingia na kutoka usiku kucha, na hakuna anayemjua mwenzake.

Wewe una bahati kwamba hutafika hosteli ukitokea uwanja wa ndege usiku. Utatoka kwenye makazi ya mafunzo, basi itumie bahati hiyo: toka asubuhi, fika hosteli mchana, hata kama chumba hakijawa tayari. Kwa kawaida vyumba hutolewa kuanzia 15:00, yaani saa tisa alasiri, lakini mizigo hupokelewa mapema katika chumba cha kuhifadhia. Angalia sana hesabu ya saa, kwani wenyeji huandika kwa mfumo wa saa 24, na nimewapokea Waswahili zaidi ya mmoja waliochelewa kwa saa sita kamili. Andika anwani ya hosteli na namba yake ya simu kwenye karatasi, uiweke mfukoni. Mezani utapewa fomu ya kujaza na kutia saini pamoja na kuonyesha pasi. Hiyo ni sheria ya Ujerumani kwa wageni wa mataifa mengine. Mhudumu akimaliza, usikimbilie ngazi. Jitambulishe kwa jina, sema kwamba uko peke yako na utakaa siku sita, muulize ni mtaa upi anaouepuka yeye mwenyewe usiku. Mazungumzo hayo ya dakika tatu yanakufanya uwe mtu anayejulikana pale mezani, na zamu inayofuata mara nyingi huambiwa habari zako.

Ukiingia chumbani, begi lisiguse kitanda kwanza. Funua kona ya shuka upande wa kichwani, washa tochi ya simu, upitishe mwanga polepole kwenye mshono wa godoro na kwenye maungio ya mbao au chuma. Unatafuta vidoa vidogo vyeusi kama vya kalamu ya wino, maganda mepesi ya rangi ya kahawia, au kunguni mwenyewe, aliye bapa na mkubwa kama mbegu ya tofaa. Ukiviona, piga picha, shuka chini, omba chumba kingine bila aibu wala ugomvi. Kunguni hawana uhusiano na uchafu wa mgeni au wa nyumba. Wanasafiri na mabegi, na hosteli makini itakushukuru kwa kuwaambia mapema.

Kama umesoma bweni, dabodeka unaijua. Chagua kitanda cha chini ukikipata, kilicho ukutani na mbali na mlango. Beba doti ya kanga. Kipande kimoja ukichomeke chini ya godoro la kitanda cha juu, kining'inie mbele yako, na hapo hapo umepata pazia na faragha yako ya kubadilisha nguo na kulala bila kutazamwa. Kipande cha pili ni cha kwenda na kurudi bafuni. Ndala ni za lazima. Vizibo vya masikio pia, kwa sababu atakayekoroma yupo tu. Soketi za Ujerumani ni za matundu mawili ya mviringo, hivyo chaja yako ya pini tatu za bapa haitaingia bila adapta. Kuhusu adabu za chumba, zinafanana na za bweni lolote: taa kubwa haiwashwi watu wakilala, simu hupokelewa nje, na mwenye safari ya alfajiri hupanga begi lake jioni badala ya kufungua na kufunga mifuko ya plastiki saa kumi usiku.

Kila kitanda huwa na kabati lake dogo, na kufuli mara nyingi unaleta mwenyewe. Usinunue lile kufuli nene la dukani tunalofungia mageti, kwa kuwa haliingii kwenye tundu. Tafuta dogo lenye kishikio chembamba, lile la namba likiwa bora kwa sababu halina ufunguo wa kupotea. Ndani ya kabati weka pasi, kadi moja ya benki na sehemu ya fedha taslimu. Mwilini tembea na nakala ya pasi na ya ukurasa wa viza, kadi ya pili, na fedha za siku ile. Ukisafiri kwenda mji mwingine ndipo uichukue pasi yenyewe. Picha za nyaraka zote zitume kwenye barua pepe yako na kwa mtu mmoja unayemwamini nyumbani. Kabla hujaondoka Tanga, iarifu benki kwamba utatumia kadi Ujerumani, na uhakikishe laini yako ya simu inapokea ujumbe mfupi ukiwa nje ya nchi, maana msimbo wa kuthibitisha malipo huja kwenye namba ile ile, na bila huo kadi inaweza kukataa ukiwa mbele ya mashine. Taslimu bado inahitajika Berlin kuliko unavyotarajia katika nchi tajiri.

Nje ya hosteli, kitakachokushangaza ni giza. Katikati ya Novemba jua la Berlin huzama muda mfupi baada ya saa kumi jioni. Ukifuata kanuni ya nyumbani kwamba mwanamke arudi kabla ya giza, utakuwa umefungiwa ndani tangu alasiri na likizo yako itaishia kitandani. Pima kwa watu waliopo mtaani na kwa saa. Kufika saa mbili au saa tatu usiku katikati ya mji kuna watu wengi wanaotoka kazini na kwenye chakula, na hakuna ubaya kuwa miongoni mwao. Baada ya hapo punguza. Bustani ya Görlitzer Park, inayojulikana kwa wauza dawa za kulevya, usiipite gizani, na stesheni za Kottbusser Tor na Alexanderplatz zipite bila kuzubaa. Siku za kazi treni za chini ya ardhi husimama usiku na badala yake huwapo mabasi ya usiku yenye herufi N. Usiku wa Ijumaa na Jumamosi hukesha zikienda. Wezi wa mfukoni hupenda sana dakika ile milango ya treni inapojifunga: anayekusukuma anabaki nje, nawe unaondoka bila simu. Kwa hiyo simu isikae mfuko wa nyuma wala mkononi karibu na mlango.

Lipo jambo ambalo sitakuficha. Ukiwa mwanamke mweusi peke yako unaweza kutazamwa kupita kiasi, au kutupiwa neno la kibaguzi na mlevi ndani ya treni. Halitokei kila siku, lakini hutokea, na linauma zaidi unapokuwa huna wa kumwambia. Usijibizane naye. Hama behewa kwenye kituo kinachofuata, kaa karibu na familia au wanawake wengine, na kama anakufuata, kwenye majukwaa ya treni za chini kuna nguzo za dharura ambazo ukibonyeza unazungumza na mtu. Namba ya polisi ni 110, na ya zimamoto na gari la wagonjwa ni 112. Ubalozi wetu upo Berlin kwenyewe, mtaa wa Eschenallee, upande wa magharibi. Kisha mwambie pia mhudumu wa hosteli, hata kama jambo limeshapita, ili usilibebe peke yako mpaka asubuhi.

Siku yako ya kwanza peke yako ipe sehemu moja tu ya kwenda, iliyo karibu. Kwa Mtanzania nadhani hakuna bora kuliko Makumbusho ya Historia ya Asili iliyo Invalidenstraße, ambako mifupa ya dinosaria aliyechimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, imesimamishwa kwa urefu wa zaidi ya meta 13. Kuchimba na kubeba mizigo ile kwa kichwa mpaka pwani kulifanywa na watu wetu. Hufungwa Jumatatu. Siku nyingine nenda Wedding, mtaa wenye barabara zilizopewa majina ya Afrika enzi za ukoloni, ambako tangu Agosti 2024 sehemu ya barabara iliyoitwa Petersallee inaitwa Maji-Maji-Allee. Mtu anayetembea peke yake akiwa na jambo analolitafuta hutembea tofauti na anayezurura, na macho ya mtaani huiona tofauti hiyo.

Jioni, mahali pako ni jikoni. Hosteli yenye jiko la wageni ni nafuu kwa mfuko na ni dawa ya upweke, ambao kwa kawaida hauji siku ya kwanza. Huja siku ya tatu, wakati mshangao wa mji umepungua na hujaongea Kiswahili na mtu ana kwa ana. Pika wali mwingi kuliko unaouhitaji na umkaribishe aliye karibu. Andika jina na tarehe kwenye chakula unachokiweka kwenye friji, osha sufuria kabla hujakaa kula, na nunua mahitaji Jumamosi, kwa kuwa Jumapili maduka karibu yote hufungwa. Maji ya bomba yananyweka. Kuhusu marafiki wa jikoni, kuwa mkarimu na uwe na mipaka: jina lako na nchi unayotoka ni mazungumzo, namba ya chumba chako haimhusu mtu. Kutoka na watu uliokutana nao si kosa, alimradi mnakwenda mahali penye watu, kinywaji chako hukiachi mezani, na mapokezi wanajua mmekwenda wapi. Mwanamume akikukera ndani ya hosteli, usisubiri ushahidi. Kuhamishiwa chumba kingine au kuonywa kwa mgeni mwingine ni kazi ya kawaida ya mapokezi, nasi tuliifanya bila kumuuliza mlalamikaji maswali ya kumwaibisha.

Mama mpangie muda mmoja kwa siku. Novemba Tanga iko mbele ya Berlin kwa saa mbili, kwa hiyo ujumbe wako wa saa mbili usiku utamkuta saa nne, kabla hajalala. Usimwahidi kumwandikia kila saa, kwa sababu siku simu itakapoisha chaji ndani ya makumbusho atakuwa ameshapigia ukoo mzima. Mwachie anwani ya hosteli, namba ya mapokezi, na makubaliano kwamba akikosa ujumbe mpaka asubuhi yake, ndipo apige hosteli. Mfundishe kulitamka jina lako la pasi jinsi lilivyoandikwa, kwa kuwa ndilo lililo kwenye fomu, na mhudumu hatamtambua "Mwanaidi wa Mama Salim".

Siku ya kuondoka, kitanda hutakiwa kuachwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Vua mashuka, rudisha ufunguo, dai amana yako kama ulitoa, kisha begi liache chumba cha mizigo hadi muda wa safari. Nauli za treni na mabasi ya Berlin hugawanywa kwa kanda A, B na C, na uwanja wa ndege uko kanda C, hivyo nunua tiketi ya kanda A, B na C, na ukiinunua kwenye mashine ya jukwaani igonge muhuri kabla ya kupanda. Hakuna geti la kukuzuia ukikosea, ila wakaguzi huvaa nguo za kiraia, na faini ni euro 60.